Dume anayeliwa: amejitoa au amezidiwa?

Kuna buibui wa Australia, Latrodectus hasselti, ambaye jike wake ni mweusi mwenye mstari mwekundu mgongoni. Dume ni kijitu kidogo mno mbele yake. Wakiwa katikati ya kupandana, dume hupiga kichwangomba na kulaza tumbo lake mbele ya chonge za jike. Jike huanza kumtafuna palepale, naye anaendelea na kazi yake.

Mwaka 1996 mtafiti Maydianne Andrade alionyesha faida ya kitendo hicho. Madume walioliwa, kama 65 kati ya 100, walipandana kwa muda mrefu zaidi na kurutubisha mayai mengi kuliko walionusurika. Tena jike aliyekwisha kumla mchumba wa kwanza alielekea zaidi kumkataa wa pili. Na kwa kuwa zaidi ya madume 80 kati ya 100 hufa njiani wakitafuta jike, aliyebahatika kumpata mmoja hana sababu kubwa ya kujitunzia kesho.

Hoja hiyo ina nguvu, nami naikubali kwa buibui huyo. Ninachokataa ni kuitandaza kwa buibui wote, kana kwamba kila dume anayeliwa ametaka mwenyewe.

Mtazame Philoponella prominens wa China. Dume huikunja miguu yake ya mbele juu ya mwili wa jike, kisha akimaliza huifyatua na kuruka kwa kasi inayofikia sentimita 88 kwa sekunde. Watafiti walitazama mipandano 155 na kuchapisha matokeo mwaka 2022: madume 152 walifyatuka wakapona, na watatu ambao hawakufyatuka waliliwa. Wengine 30 walizuiwa makusudi wasiruke, wakauawa wote. Huyu hana zawadi ya kumpa mtu. Anakimbiza roho yake, kwa sababu akipona anaweza kupandana tena.

Hata yule wa Australia ana njia nyingine. Mwaka 2016 ilibainika kwamba dume anaweza kumwendea jike ambaye bado hajajivua gamba la mwisho, akalitoboa gamba hilo na kuweka mbegu zake. Jike huzihifadhi mpaka anapokomaa, na dume huliwa mara chache sana. Jambo hili kwangu lina uzito kuliko kichwangomba chenyewe. Kumbe anayesifiwa kwa kujitoa hulipa bei hiyo pale tu anapokosa iliyo nafuu.

Anayenipa shida ni Dolomedes tenebrosus wa Amerika Kaskazini. Dume wake hufa wakati uleule wa kupandana, kabla jike hajamgusa kwa chonge. Katika jaribio moja, majike waliomla mwenzao walipata watoto wengi zaidi, wakubwa zaidi, walioishi muda mrefu zaidi. Waliopewa nyenje badala ya dume hawakupata faida hiyo. Kwa huyu sina ubishi: mwili wake ni chakula alichowaachia wanawe.