Escrow ya Shangazi

Tangu 2016 nilikuwa na katovuti kangu ka bei za samaki. Asubuhi naenda Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, Mwanza, nauliza gunia la dagaa linaendaje, sato kilo bei gani, sangara, mabondo, yale ya tumboni mwa sangara, ndo usiseme, halafu narudi naandika. Watu wakazoea bana, wa Kahama, wa Shinyanga, mpaka Wakongo wanaofuata dagaa, na matangazo ya Google yakawa yananipa kama dola 60 kwa mwezi, ila Google hawatoi mpaka ufikishe dola 100 kwa hiyo mi nilikuwa mwezi huu nasubiri, mwezi ujao nakula.

Ikafika mahali nimechoka kuamka alfajiri kunusa dagaa, nikasema nauza. Wazoefu wa hizi biashara wanachukua faida ya mwezi wanazidisha, wengi mara 24 mpaka 36 hivi kutegemea tovuti ina umri gani na mapato yametulia kiasi gani. Nikapiga ya chini, 24, nikabadilisha kwa hela yetu ikaja milioni tatu na nusu. Nikatangaza.

Wa kwanza kuja alisema yuko Uingereza. Hakuomba hata kupunguziwa, na mi nimekulia Mwanza, mtu asiyeomba kupunguziwa namwogopa. Akasema tupitie escrow. Escrow mnaijua, ile kampuni ya katikati, mnunuzi anaweka hela kwao, muuzaji anakabidhi mali, mnunuzi akikagua akaridhika ndo hela inaachiwa. Nikamwambia safi, maana hii Escrow.com ya Marekani ipo tangu 1999. Akanitumia linki. Kuangalia vizuri jina lina herufi moja imezidi, halafu eti nitangulize ada ya kufungua akaunti kwa namba ya simu ya kawaida kabisa ya hapa Bongo. Nikaingia whois, pale unapoangalia jina la tovuti limesajiliwa lini, nikaona hilo jina limesajiliwa Jumanne, na siku hiyo ni Alhamisi. Nikamuuliza broo, kampuni imezaliwa juzi leo inashika hela za watu? Akanibloku. Yeye ndo kanibloku mimi!

Wa pili ndo Mzee wetu. Mzee anauza dagaa jumla, ana hela, na alikuwa anachukia kwamba kila mteja akija dukani kwake anamfungulia simu anamwambia "lakini Mzee humu wameandika bei nyingine". Akaamua bora ainunue hiyo "humu" yenyewe. Nikamfuata, nikamsalimia Kisukuma, mwangaluka bhabha, akanijibu vizuri akaniagizia na chai, nikajua leo nauza.

Tatizo alikuja na mpwa wake, dogo yuko chuo anasoma kompyuta. Yule dogo alinitoa jasho. Nikampa picha za skrini za mapato, akasema picha mtu anaedit, nipe ruhusa niangalie mwenyewe Analytics, ile ya Google ya kuhesabu wanaoingia kwenye tovuti. Nikampa. Akafungua ile sehemu ya walioko muda huu, wakaonekana watu kumi na mmoja, Mzee akauliza hawa ni wateja wangu? Dogo akamwambia mmoja ndo mimi hapa, na mwingine nadhani ni wewe Mjomba. Wakabaki tisa. Halafu akaenda Wayback Machine, pale kurasa za zamani zinapotunzwa, akaivuta tovuti yangu ya 2016, na picha yangu nimevaa miwani ya jua usiku, chini maandishi yanatembea kulia kwenda kushoto "KARIBUNI SANA". Mzee alicheka mpaka chai ikampalia. Ila dogo akasema hii ndo inaonyesha tovuti ni ya kweli na ina umri, hakuna mtu wa kughushi aibu kama hii.

Tukakubaliana milioni tatu na laki mbili. Mzee akataka na email yangu iwemo, na akaunti ya matangazo. Nikamweleza ile akaunti ya matangazo haihami, utafungua ya kwako, tunaweka msimbo wako wa matangazo kwenye tovuti, na email yangu ina mambo yangu. Akasema mambo gani? Nikanyamaza. Mkewe akaguna.

Sasa ikaja hosting. Nikamwambia Mzee, jina la tovuti ni kitu kimoja, mahali inapokaa ni kitu kingine, na mahali inapokaa panalipiwa kila mwaka. Akanitazama muda. "Yaani nimenunua nyumba, halafu nilipe tena kiwanja?" Nikasema basi, itabaki kwenye hosting yangu mpaka muda wake uishe, tutaongea. Akasema hakuna cha kuongea.

Ikabaki hela itoke vipi. Nikapendekeza escrow, ile ya kweli. Mzee akasema hela yake haiwezi kutoka Kirumba ikalale Marekani ndo irudi Kirumba. Nikasema basi nitumie kwanza nihamishe. Akasema hamisha kwanza nikutumie. Tukaangaliana. Hapo ndo mkewe akaongea, na alivyoongea ilionekana ana akili kushinda sisi wote: kuna kikoba chetu, shangazi yako si ndo mwekahazina, na mimi ni mwanachama, hela ikae kwenye sanduku la kikoba, lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, jina likishahamia kwa Mzee sanduku linafunguliwa kijana anachukua chake.

Nikaona wallahi hii ni escrow kamili. Bila ada!

Jumamosi hela ikahesabiwa mbele ya kikao, katibu akaandika daftarini, watu wakapiga makofi. Usiku ule nikafungua lile jina, nikatoa ule msimbo wa kuhamishia, dogo akauingiza upande wao, nikakubali, na baada ya siku chache jina likawa la Mzee. Na jina likishahama kwa kawaida linafungwa siku 60 halihami tena, kwa hiyo hata ningetaka kulirudisha kibabe, haiwezekani.

Nikaenda kwa shangazi. "Shikamoo shangazi, nimefuata ile hela."

"Marahaba ng'wanawane. Ufunguo mmoja uko Ukerewe."

Mwenye ufunguo wa tatu kaenda msibani Nansio, kaondoka na ufunguo kwa sababu katiba ya kikundi inakataza kuuacha kwa mtu. Tukasubiri. Akarudi. Sanduku likafunguliwa siku ya kikao, mi nimevaa vizuri, nimekuja na begi. Ndani kulikuwa na daftari, mhuri, na kama elfu arobaini na kitu.

Jamani.

Kumbe kile kikao nilichoweka hela, mi nikiwa nimeshaondoka na makofi yangu, kulifika muda wa mikopo. Kuna mama mmoja ana mitumbwi ya dagaa, injini ilikufa, akaomba mkopo, wakaangalia sanduku limejaa kuliko siku zote tangu kikundi kianze, wakampa. Nikasema lakini ile ni amana yangu! Katibu akafungua daftari kwa utulivu sana. Daftari lina safu ya hisa, safu ya mfuko wa jamii, safu ya marejesho na safu ya faini. Amana haina safu. Kwa hiyo aliniandika kwenye hisa. Na kwa kuwa mwisho ni hisa tano kwa kikao, zilizozidi akazitandaza mbele, wiki kwa wiki, ukurasa baada ya ukurasa, nikajikuta nimeshalipia hisa za miaka ijayo ambayo sijui hata kama nitakuwepo Mwanza.

Nikauliza huyo mama atarejesha lini. Wakatoka nje wote wakaangalia juu. Mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inalala ufukweni watu wanashona nyavu. "Giza likirudi," shangazi akasema, na alisema kama mtu wa benki kabisa.

Nikaenda kwa Mzee kulalamika. Mzee anasema yeye kalipa mbele ya mashahidi, na ni kweli. Dogo ananiambia kitaalamu escrow ilifanya kazi, tatizo ni kwenye kutoa. Sikumjibu yule mtoto.

Basi mi mwanachama. Kila Jumamosi nakuwepo, maana usipokuja kuna faini, ukichelewa kuna faini, na kitenge cha sare sijashona kwa hiyo kuna faini ya hiyo pia, na zote wanakata humo humo kwenye hela yangu ya tovuti. Ila nisiseme uongo, yule mama analipa. Kila giza analeta laki mbili, laki tatu, na riba, na mwezi wa kumi na mbili kuna mgao, shangazi ananong'ona kwamba kwa hisa zangu mi ndo nitaongoza kikundi kizima. Wamama wengine hawajafurahia hilo.

Jumamosi iliyopita tuko katikati ya kuhesabu, kimya, maana wakati wa kuhesabu hata kukohoa unaomba ruhusa, simu yangu ikalia. Mzee. Nikapokea nikiwa nimejikunja chini ya meza.

"Wewe kijana! Mtandao wangu umezima! Nafungua naona Kizungu kitupu!"

Hosting imeisha. Nikamnong'oneza, Mzee ni kile kiwanja, si ulisema hakuna cha kuongea. Akaanza kufoka, na simu yangu spika yake ni kubwa, mkewe akamsikia kutoka upande wa pili wa chumba, akanyoosha mkono kwa mwenyekiti.

"Simu kwenye kuhesabu, mia tano," akasema. "Na aliyepiga namjua, muandikeni na yeye."