Kuahirisha mwaka sio kudisko (kufukuzwa chuo kwa kufeli), jamani

Najua wenzangu wengi saa hizi mko kwenye UE, mitihani ya mwisho wa muhula, madesa (notsi) yamejaa kitandani, msuli unapigwa mpaka usiku wa manane, na wapo humo ambao wanasoma ukurasa uleule toka jioni na hamna kinachoingia. Hao ndo naongea nao leo. Na sio wavivu, mvivu analala vizuri tu.

Presha ya mitihani kila mtu anayo. Tumbo linavurugika, unagombana na rumeti kisa ndoo, afu karatasi ya mwisho ikishakusanywa unajikuta unacheka mwenyewe njiani. Hiyo ni waja leo waondoka leo, kama tunavyosema watu wa Tanga. Sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito, haiondoki hivo. Ukiona wiki mbili zimepita, karibu kila siku moyo mzito, vitu ulivyokuwa unapenda havina ladha, alfajiri usingizi umekatika au unalala kutwa nzima, chakula hakipandi, unajiona mzigo kwa watu, usijidanganye kwamba ni UE tu. Na ukianza kuwaza bora ufe, hapo hamna kusubiri wiki wala nini, mwambie mtu leo na hospitali uende leo.

Watu wanapenda kutafuta chanzo kimoja, mi naona vinapandiana. Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, ni elfu kumi kwa siku, inakuja kwa mafungu, ikichelewa unakopa, ikiingia nusu inarudi nyumbani maana mdogo wako ana michango ya shule na bati linavuja. Koswaki, alama za kazi za muhula, zinatoka umepata za kuombea dua, na GPA (wastani wa alama) ikishuka chini ya 2.0 vyuo vingi ni kudisko. Na huku mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, barabara nzima inajua mtoto wa fulani yuko chuo. Hili la mwisho ndo linatumaliza zaidi kwa kweli, ukirudi likizo hata mzee wa kahawa anakuuliza mwanangu unamaliza lini, na anauliza kwa wema kabisa, huwezi hata kumkasirikia.

Mimi mwaka wa pili nilifika huko. Lekchara mmoja nilipomgusia akaniambia enzi zao walisoma kwa koroboi, haya. Mama aliposikia silali akasema ni kijicho, nikapelekwa kusomewa, nikanywa na kombe, yale maji ya aya, na siwezi kulibeza maana yule shehe ndo mtu wa kwanza kunisikiliza mpaka mwisho bila kuniuliza habari za GPA. Ila ndo huyohuyo aliyemwambia, "Mama, mtoto mpeleke na hospitali ya Bombo." Mama akashtuka, maana kwetu ukitaja afya ya akili mtu anafikiria Lutindi, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, moja kwa moja, kwamba ndo unaenda kulazwa hurudi. Kumbe unakaa kwenye benchi na watu wa kawaida tu, unaulizwa maswali ya usingizi na chakula, unaongea, unapewa dawa unarudi zako nyumbani. Dawa zenyewe sio za kumeza leo kesho upo fresh, zinataka wiki mbili mpaka nne ndo uanze kuona tofauti, saa nyingine zaidi, na wengi wanaziacha hapo katikati kwa kudhani hazifanyi kazi. Usiziache ghafla bila kumuuliza daktari, hata ukijisikia umepona.

Sasa hiki ndo nilichotaka kusema muda wote. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo kwa sababu za kiafya na ugonjwa wa akili ni afya, lakini barua ya daktari inatakiwa iende KABLA ya mtihani. Ukiingia kwenye chumba cha mtihani unaumwa, ukafeli masomo manne, ndo ukaja na cheti cha hospitali, unaanza kupigana na kanuni na mara nyingi kanuni inashinda. Ndo maana nasema nenda hospitali mapema, afu kwa mshauri wa wanafunzi, na kwa afisa mikopo pia umwambie maana mkopo unasimama ukiwa nje na unataka ujue unarudije. Wenzetu wangapi wamedisko wakati walikuwa wagonjwa tu, na kila mtu anasema alikuwa anapenda starehe!

Utapitwa na wenzako, ndio, wataposti magauni ya mahafali na itauma. Mimi iliniuma. Lakini nilirudi mwaka uliofuata nikakaa mbele, nikawa nasoma ukurasa unaingia, na sapu (mtihani wa kurudia) niliyopata moja nikaifanya kama watu wanavyofanya sapu.

Mama zetu nao, majirani wakiuliza mbona mtoto yupo nyumbani, semeni tu anaumwa kapumzishwa, chuo kikifunguliwa anarudi. Hawatauliza tena. Au watauliza, Ngamiani hii, lakini hilo ni la kwao.