Mia Mbili wa Pemba Mtawatoa Wapi?

Imevuma asubuhi hii kwamba ushuru wa meza za sokoni unapanda, basi kijiwe cha kahawa hapa Ng'ambo, Tabora, kimeshageuka Bunge. Hata salamu ya "mwangaluka" haiitikiwi. Mmoja anataka tugome. Mwingine anataka kuapiza. Huyo tumwachie Mungu wake.

Halafu akainuka fundi baiskeli, grisi mpaka viwikoni: "Ndugu wananchi, tuanzishe chama cha siasa!"

Chama cha siasa, kwa ushuru wa nyanya! Haya mheshimiwa, tupige hesabu, wateja wenyewe hawapo. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inakupa kwanza cheti cha muda, uhai wake siku 180. Ndani ya siku hizo uwe na wanachama wasiopungua 200 kwa kila mkoa, katika mikoa isiyopungua 10. Watu 2,000 hao, na wote wawe na sifa ya kupiga kura. Hapa tuko saba, wawili wamesinzia, mmoja mwanafunzi katoroka kipindi.

"Wa Tabora nitawapata," anasema fundi.

Sawa. Na katika mikoa hiyo lazima uwemo wa Unguja na uwemo wa Pemba. Kimya. Basi ndugu yetu apande treni mpaka Dar es Salaam, apande boti mpaka Unguja, apande nyingine, ashukie Pemba amwambie mvuvi wa Wete: shehe, jiandikishe, Tabora wametupandishia meza! Atakaribishwa chai, aulizwe kwa upole kama nyumbani wanajua alipo.

Tuseme kawapata. Je, chama kitaachiwa kuongea nyanya tu? Kitaulizwa elimu, ulinzi, Muungano, bandari. Chama kinataka dola, kinasimamisha wagombea kuanzia udiwani hadi urais. Kundi la shinikizo, la kusukuma dai tu kama letu, kiti halikitaki, linataka aliyekikalia asisinzie. African Association ya 1929, iliyokuja kuitwa TAA, ilipotaka kushika nchi ndipo 1954 ikageuka TANU, na hapa hapa Tabora mwaka 1958 wakabishana waingie au wasiingie uchaguzi wa kura tatu, ule wa kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wale walikuwa na nchi ya kudai, sisi tuna meza. Na msiniletee "tumsimamishe mwenzetu bila chama", mgombea binafsi hapa nchini haruhusiwi.

Ushuru unakaa kwenye sheria ndogo ya halmashauri. Hiyo inapita kwa baraza la madiwani, kisha waziri wa serikali za mitaa anaidhinisha. Baraza la kawaida hukaa kila robo mwaka, na kabla yake kamati ya fedha inakuwa imeshaipika ajenda, kwa hiyo barua yetu ya kuupinga ushuru ifike wakati kamati bado haijakaa. Ukurasa mmoja, dai moja. Ambatisha muhtasari wa kikao, mahudhurio yenye sahihi, na hesabu: meza inaingiza ngapi kwa siku, ushuru unakula ngapi. Mbunge mpe nakala, naye ni mjumbe wa baraza.

Lakini watu wetu! Barua ina madai kumi na manne, linaanza la ushuru linaishia mbu. Uchaguzi ukikaribia mwenyekiti wa wauzaji anatokea na fulana ya chama, nusu ya wauzaji wanajitoa, na diwani wa chama kingine anaiweka barua chini ya birika. Huyo wa kugoma naye katolea mfano Kariakoo, Mei 2023, maduka yalipofungwa Waziri Mkuu akaenda. Ndiyo, Kariakoo! Funga meza tano za bamia hapa uone atakayekuja. Atakuja mbuzi.

Tumekubaliana barua. Mwandiko wa fundi hausomeki, tukachape. Duka la kuchapa halina umeme tangu alfajiri, mwenye duka anasema subirini. Tusubiri mpaka lini? Na ada ya meza ya leo inadaiwa, umeme uwepo usiwepo! Mwanafunzi huyu naye anakunywa kahawa ya nani?