Maji ya mfereji Wete: pua zetu zinatudanganya

Hapa Wete, Pemba, yakifunguliwa maji lazima utamsikia mtu, "leo wametia dawa hawa", basi ndoo ile inageuzwa ya kufulia na ya kunywa inafatwa kisimani. Mabishano haya nimeyakuta nyumbani na nimeshaingia mara nyingi tu. Wanaokataa maji ya mfereji wana hoja nzito kabisa, ila si ile wanayoitaja. Wanayoitaja ni harufu.

Harufu ni klorini. Shirika la Afya Duniani linataka maji yakifika kwa mtumiaji yawe bado na angalau miligramu 0.2 kwa lita, na pale yanapotiwa dawa ibakie nusu miligramu baada ya dakika 30. Tupige hesabu ya nyumbani: simtangi la lita 1,000 hapo lina nusu gramu ya klorini, kitu cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Kikomo chao cha usalama ni miligramu 5 kwa lita, mara kumi ya ile nusu miligramu. Na pua je? Wapo watu wanaisikia kuanzia 0.3 hivi. Yaani pua inaanza kulalamika palepale dawa inapofanya kazi, kwenye hatari yenyewe bado safari ndefu.

Halafu sie tokea lini tukaogopa harufu kwenye maji? Bibi yangu hatii maji mtungini mpaka aufukize ubani kwanza, ukinywa moshi unausikia mpaka kooni na mgeni anaomba kata ya pili. Ya klorini inatukera kwa sababu inanuka spitali, basi.

Kuna wanaosema dawa inakata uzazi, hilo la barazani nalipita. La saratani lina asili yake, klorini ikikutana na uchafu wa majani na udongo inazaa kemikali nyengine ambazo wataalamu wanazifatilia kweli na zimewekewa viwango. Lakini shirika lilelile linasema hatari hiyo ni ndogo sana ukiiweka na ya kunywa maji yasiyotiwa dawa, na hii ya pili sie hatuhitaji kusimuliwa. Kipindupindu kilipozuka Zanzibar 1978 kilianzia kijiji cha wavuvi, waliugua watu 411 wakafa 51. Hiyo hesabu nimeigawa sijui mara ngapi, inakuja mtu mmoja katika kila wanane. Kwenye maulidi sinia moja wanakaa watu wanne, sasa weka sinia mbili umtoe mmoja, kisha sinia mbili nyengine umtoe mwengine, mpaka ukumbi uishe. 2015 mpaka 2016 kikarudi, wagonjwa wakapita 4,000. Waliokufa safari hii walikuwa sehemu ndogo zaidi ya walioumwa, alhamdulillah, lakini dripu inamuokoa mtu akishaugua, haizuii kuugua.

Sasa kisima. Maji yake matamu, hata mie nayapenda. Ila ua wa mamkubwa wangu nimeupima kwa hatua, kutoka kisimani mpaka kwenye karo la choo, hatua 14, na ushauri wa kawaida ni mita 30. Wala sio yeye tu, viwanja vya mji vimekatwa vidogo na jirani nae ana karo lake upande wa pili wa ukuta. Maji yanang'ara utasema kioo. Vijidudu havina rangi jamani.

Ile hoja yao nzito ambayo hawaitaji ni mgao wa maji. Umeme wetu Pemba unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari tokea 2010, ukikatika pampu nazo zinazima, bomba linabaki tupu. Bomba tupu halina presha, na palipo na ufa linanyonya kilichopo nje, kama nje kuna maji ya karo ndo hayohayo yanaingia. Yakirudi, usiku, ndoo ya kwanza mtaani kwetu inatoka kama chai ya rangi, na udongo huo nao unaila klorini, kwa hiyo hata kama kule kwenye tangi kubwa walitia sawasawa, kwako inaweza kufika sifuri. Mtu aliyeishi na hali hii miaka na bili inamjia, ukimwambia kunywa tu yana dawa, anakuona umetumwa. Simlaumu.

Lakini kwa hoja hiyo siku ya kuogopa ni ile mfereji usiponuka kitu. Sie kinyume chake, yakinuka tunakasirika, yasiponuka tunashukuru. Tena yakinuka tunayaacha wazi usiku kucha harufu itoke, inatoka kweli na kinga inaondoka nayo, asubuhi kata inazama humo na mkono wa mtoto juu yake. Mwaga ndoo ya kwanza, chemsha ya kunywa, funika. Na wanaopima nao watwambie, ile namba ya klorini ibandikwe kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa, pamoja na ratiba ya mgao, haigharimu kitu zaidi ya karatasi.

Manake wanapima. Kuna kijana alikuja mpaka uani, akakinga maji ya mfereji kwenye kichupa akatia kidonge, yakawa pinki hafifu, akaandika daftarini. Mamkubwa akamwambia, "mwanangu, nipimie na kisima changu." Akapima. Yakabaki meupe vilevile, nae akaandika, akafunga begi, ana nyumba kibao zinamsubiri.

"Si umeona," mamkubwa akanigeukia. "Ya mfereji yamegeuka rangi, yangu safi."

Pinki ndo klorini yenyewe. Yake hayakuwa nayo hata chembe. Nimemueleza siku ile na nimemueleza tena Idi iliyopita, na kanisikiliza vizuri tu huku akinimiminia gilasi ya maji ya kisima.