Chumba Kiko Jambiani, Dalali Yuko Amsterdam

Ukizungumza na wenye nyumba ndogo za wageni pwani ya mashariki ya Zanzibar, kuanzia Bwejuu, Paje hadi Jambiani, kuhusu kuwa na tovuti, jibu ni lile lile: ya nini, na wageni wote wanatoka Booking, yaani Booking.com, dalali wa mtandaoni wa Amsterdam anayeuza vyumba kwa kamisheni? Walio vijana kidogo huongeza Instagram na WhatsApp, na mjadala unafungwa hapo. Si jibu la kijinga. Mwenye vyumba sita hana idara ya masoko. Ana mpishi, ana dobi, ana pampu ya maji inayogoma Ijumaa jioni, na simu moja inayoita bila kupumzika. Wengi wao walishawahi kumlipa fundi akawatengenezea tovuti, ikakaa miaka miwili ikiwa na bei za zamani na picha ya mgahawa uliokwisha kubomolewa, kisha usajili wa jina la tovuti ukaisha muda na hakuna aliyekumbuka kulilipia tena.

Tatizo ni kwamba tovuti hiyo ilihukumiwa kwa kazi isiyo yake. Iliahidiwa kuwa italeta wageni wapya, na haikuwaleta. Isingeweza. Mtu aliyeko Warsaw akiandika kwenye Google kwamba anatafuta hoteli Zanzibar, kurasa za mwanzo zimejaa Booking.com, Expedia, Tripadvisor na matangazo yao ya kulipia. Kushindana nao hapo ni kutupa fedha baharini, na fundi anayekuahidi kwamba utatokea wa kwanza anakuuzia maneno. Kazi ya tovuti ya nyumba ndogo huanza baadaye kidogo: mgeni ameshakuona kwa dalali, ameipenda picha ya kitanda chenye chandarua, ameona bei, kisha ananakili jina la nyumba yako na kulitafuta peke yake ili ajue wewe ni nani.

Kuna utafiti mmoja ambao watu wa hoteli duniani wameuzungumzia sana. Mwaka 2009 Chris Anderson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alizifuatilia hoteli nne zilizokuwa zikiwekwa na kuondolewa kwa zamu kwenye Expedia, dalali mwingine wa mtandaoni. Alitaka kujua kama kuonekana Expedia kunaongeza wageni wanaoweka nafasi kwingineko, yaani kwa njia za hoteli yenyewe, nje ya Expedia. Kuliongeza, kati ya asilimia 7.5 na 26 kutegemea hoteli. Hoteli tatu zilikuwa chini ya majina makubwa yanayojulikana. Ya nne ilijitegemea, na hiyo ndiyo iliyopata asilimia 26.

Takwimu hiyo inanisumbua kwa namna mbili. Kwanza, ni hoteli nne tu, tena za Marekani, na hoteli moja inayojitegemea haiwezi kubeba hukumu ya sekta nzima. Mwaka 2009 watu wengi walikuwa bado wanaweka nafasi wakiwa mbele ya kompyuta, na mipango ya dalali ya kumshika mgeni asitoke kwenye programu yake haikuwa mikali kama leo. Kwa hiyo nisingemwambia mtu wa Jambiani atarajie asilimia 26, wala nusu yake. Pili, hata ukiipunguza sana, mwelekeo wake unageuza hoja ya wenye nyumba juu chini. Wao wanasema: niko Booking, kwa hiyo sihitaji tovuti. Utafiti unaonyesha kuwa kuwepo kwa dalali ndiko kunakozalisha watu wanaokuja kukutafuta moja kwa moja. Asiye na mahali pa kuwapokea hawapotezi wote, maana wengi hurudi Booking na kuweka nafasi huko huko. Anachopoteza ni kamisheni, kwa mgeni ambaye tayari alikuwa mlangoni.

Tupige hesabu. Chukua nyumba ya vyumba sita, dola 60 kwa usiku kila chumba, vyumba vikijaa kwa nusu ya siku za mwaka. Mapato ni dola 65,700. Kama yote yamepitia Booking kwa asilimia 15, ambacho ni kiwango cha kawaida, dola 9,855 zimeondoka, zaidi ya shilingi milioni 20. Mgeni mmoja kati ya kumi akihamia kwako, umebakiwa na dola 985 hivi. Si utajiri, lakini fedha hiyo inarudi kila mwaka, na tovuti ya kurasa nne au tano iliyojengwa bila mbwembwe inalipika humo.

Upande wa pili una hoja nzito, na nzito kuliko zote ni imani. Mgeni hakujui. Amesikia habari za matapeli wa mtandaoni, pengine amesoma kuhusu papasi wa Mji Mkongwe, wale vijana wanaowaandama watalii mitaani, na sasa unamwambia atume dola 100 kwenye akaunti ya mtu asiyemfahamu. Booking mara nyingi inamwambia aghairi bila gharama na alipe akifika. Inamjibu kwa lugha yake, inamwonyesha maoni ya watu mia mbili waliolala kwako, na likitokea tatizo ana mtu wa kumlalamikia. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024, na hakuna mwenye vyumba sita ambaye angelifikia soko hilo kwa nguvu zake. Asilimia 15 si wizi. Ni malipo ya kazi iliyofanyika.

Ila kazi hiyo ilifanyika mara moja. Mgeni aliyelala kwako mwaka jana, akala pweza wa nazi kwako, akacheza na watoto wako, akirudi mwaka huu kupitia Booking unalipa kamisheni ile ile kana kwamba hamjawahi kuonana. Na rafiki yake aliyempa jina la nyumba yako naye unamlipia. Barua pepe uliyopewa wakati wa kuweka nafasi haikuwa hata yake. Ilikuwa anwani ya kupitishia ujumbe iliyotengenezwa na Booking. Watu hawa hawana hofu ya utapeli kwa sababu wanakujua, au wanamjua anayekujua. Ndio hasa ambao tovuti ilitakiwa kuwangoja. Nyumba ndogo nyingi zikitoa hesabu zao zitakuta wageni wa kurudi na wa kuambiwa si haba.

Instagram haifanyi kazi hiyo vizuri. Inaonyesha machweo na vyombo vya mbao vya wavuvi. Haisemi bei ya Agosti, wala nyumba iko hatua ngapi kutoka ufukweni. Anayeuliza anaambiwa aje inbox, na kama kwa saa za Ulaya ni usiku, amelala akiwa na swali, ameamka na nyumba nyingine. WhatsApp ni bora zaidi, na kwa mtu wa vyumba sita ndiyo inayofunga biashara, lakini inahitaji mtu wa kujibu maswali yale yale kumi kila siku.

Maswali hayo kumi ndiyo mpango mzima wa tovuti. Kabla ya kuzungumza na fundi kuhusu rangi na picha zinazopita zenyewe (ambazo hazijawahi kumsaidia mgeni yeyote), fungua WhatsApp yako ya miezi sita na uyaandike. Utayakuta. Kutoka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume ni muda gani na teksi ni kiasi gani. Umeme ukikatika kuna jenereta? Masika mnafunga? Upepo wa kite, ule mchezo wa kuteleza baharini kwa tiara, unaanza lini? Bima je? Hilo la bima limeongezeka tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni mtu mzima kutoka nje alipoanza kutakiwa kukata bima ya Zanzibar ya dola 44. Anayesikia habari hiyo kwa mara ya kwanza hudhani anaibiwa. Sentensi mbili kwenye ukurasa wako na kiungo cha mahali rasmi pa kulipia zinamtuliza.

Kisha kuna bahari yenyewe. Pwani ya mashariki maji yakipwa, hasa siku za bamvua, hurudi nyuma mamia ya mita, na kinachobaki mbele ya hoteli ni mchanga, matope kidogo na akina mama wakielekea kwenye mashamba yao ya mwani. Kwetu ni jambo la kila siku. Kwa mgeni aliyeona picha za maji ya samawati tu ni udanganyifu, na maoni anayoandika Booking yanasema hakuna bahari ya kuogelea. Booking haina nafasi nzuri ya kueleza jambo hili, maana maelezo ya nyumba zote yamekatwa kwa kigezo kimoja. Wewe unaweza kuweka picha mbili za mahali pale pale, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa, na maneno machache kuhusu saa za kuogelea na saa za kutembea hadi kwenye mwamba. Utapoteza wageni wachache kwa ukweli huo. Watakaokuja hawatakuandikia maoni mabaya, na wengine watakuchagua kwa sababu ulisema.

Mshauri atakuambia uweke bei ya chini kwenye tovuti yako ili kuwavuta. Ushauri huo umetoka Ulaya, ambako mwaka 2024 Booking iliondoa masharti ya kuwakataza wenye hoteli kuuza kwa bei ya chini kwenye tovuti zao kwa sababu ya sheria ya Umoja wa Ulaya ya masoko ya kidijitali. Zanzibar haimo humo. Soma mkataba wako kwanza. Njia salama ni kuacha bei ilivyo na kuongeza kitu: kumpokea mgeni uwanja wa ndege, au chakula cha jioni cha siku ya kwanza.

Na jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, si ya fundi. Walioitegemea Google iwajengee tovuti za bure kupitia ukurasa wao wa biashara waliziona zikizimwa Machi 2024. Ukiwa na jina lako, fundi akihama au kampuni ikibadili mawazo, unahamisha kurasa na anwani inabaki ile ile iliyoandikwa kwenye kadi uliyompa mgeni.

Kuna nyumba ambazo bado ningeziambia zisijenge. Mgeni akiweka nafasi kwako moja kwa moja, chumba hicho lazima kifungwe Booking saa hiyo hiyo, la sivyo familia mbili zitafika na mizigo kwa chumba kimoja. Barua pepe isiyojibiwa kwa siku tatu ni mbaya kuliko kutokuwa na barua pepe. Kama nyumbani hakuna mtu mmoja ambaye hiyo ndiyo kazi yake kila asubuhi, awe mtoto wa ndugu yako au mhudumu anayelipwa nyongeza kwa ajili hiyo, lipa asilimia 15 na uendelee kutengeneza pampu.