Mke Asiye na Cheti Mbele ya Ibara ya 15

Shemeji yangu wa Taveta huweka karatasi zake kwenye bahasha ya kaki iliyochakaa pembe zote. Siku moja ya soko, kabla lori la ndizi halijafika, alizitandaza juu ya meza ya kibanda chake nizione. Kulikuwa na vijitabu vya kliniki vya watoto watatu, vyote vina jina la baba yao. Kulikuwa na risiti za karo. Kulikuwa na barua ya chifu yenye muhuri, inayosema anaishi na ndugu yangu kama mke na mume na kwamba kijiji kizima kinawajua hivyo. Alivuka mpaka kutoka Himo, upande wa Tanzania, miaka 14 iliyopita. Katika bahasha hiyo mlikosekana karatasi moja tu, cheti cha ndoa. Mbele ya sheria ya uraia ya Kenya, kukosekana kwa hiyo moja kunazifuta nyingine zote.

Katiba ya 2010, Ibara ya 15, inasema mtu aliyeoana na raia wa Kenya kwa muda usiopungua miaka 7 ana haki ya kuandikishwa kuwa raia akiomba. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu kabla ya hapo mlango ulikuwa wazi kwa wake wa Wakenya tu, na mwanamke Mkenya aliyeolewa na mgeni hakuweza kumfungulia mumewe. Kisha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kifungu cha 11, ikaweka masharti. Ndoa iwe imefungwa kwa utaratibu wa sheria unaotambuliwa Kenya. Iwe haijabatilishwa na mahakama. Isiwe imefungwa kwa ajili ya kupata hadhi ya uhamiaji au uraia. Na sharti la mwisho, ambalo watu hulisoma haraka wakalipita: wakati wa kuomba, wawili hao wawe wanaishi pamoja.

Hilo la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Waliotunga sheria walijua kwamba cheti chaweza kusema uongo. Walijua kuna ndoa za karatasi, mtu analipwa, anatia saini mbele ya msajili, jioni kila mmoja anarudi kwake. Ndiyo maana wakataka kitu cha kukithibitisha cheti, na walichokichagua ni maisha ya chini ya paa moja. Kwa maneno mengine, sheria yenyewe inakubali kwamba kuishi pamoja ni ushahidi wa kupima kama ndoa ni ya kweli. Lakini ushahidi huohuo ukija peke yake, hata wa miaka 14, hauhesabiwi hata siku moja. Mwenye cheti cha miaka 7 anaulizwa kama anaishi na mwenzake. Shemeji, aliyeishi na mwenzake mara mbili ya muda huo, haulizwi chochote, kwa kuwa hafiki dirishani.

Tuwatendee haki wanaoutetea msimamo wa sasa, maana hoja zao si za kubeza. Uraia ni jambo la dola nzima. Afisa wa uhamiaji anahitaji tarehe, na cheti kina tarehe. Kuishi kinyumba hakuna. Kulianza lini, alipoleta begi la kwanza, au alipopata mimba? Barua ya chifu hupatikana kwa urahisi katika maeneo ambako chifu ni jirani na ni jamaa. Tena kuna wanaume wenye mke wa ndoa nyumbani na mwingine mjini, na kumtambua wa pili kupitia sheria ya uraia ni kuingia kwenye mgogoro wa kifamilia kwa mlango wa nyuma. Wapo pia wasiotaka kuoana kabisa. Wameamua hivyo wakiwa na akili zao timamu, na serikali haina kazi ya kuwavika ndoa wasiyoiomba.

Hoja hii ya hiari ndiyo nzito kuliko zote, na Mahakama ya Juu iliipa uzito tarehe 27 Januari 2023 katika kesi ya MNK dhidi ya POM. Wawili walikuwa wameishi pamoja tangu 1986 na sasa waligombania nyumba ya Dagoretti. Ikaonekana mwanamke alikuwa bado na ndoa nyingine ya kimila ambayo haikuwa imevunjwa. Mahakama ikakataa kuwahesabu kuwa walioana, ikasema dhana ya ndoa, yaani kuwahesabu walioishi pamoja muda mrefu kuwa wameoana, itumike kwa nadra sana, na ikaorodhesha vigezo. Wawe wameishi pamoja muda mrefu, wawe na uwezo wa kisheria wa kuoana, wawe na nia, wawe wamekubaliana, na wajionyeshe kwa watu kuwa ni mke na mume. Mzigo wa kuthibitisha ukawekwa juu ya anayedai.

Wengi waliisoma hukumu hiyo kama mlango uliofungwa. Mimi naisoma tofauti. Kwanza, mahakama haikumwacha mtu mikono mitupu, kwani iligawa mali 70 kwa 30 kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Pili, iliwataka Bunge na Mwanasheria Mkuu watunge sheria ya watu wanaoishi pamoja kwa muda mrefu bila ndoa, iseme wana haki gani na wajibu gani. Tatu, vile vigezo ni kipimo kamili. Wale wanaolalamika kwamba kuishi kinyumba hakupimiki sasa wana rula iliyochongwa na mahakama kubwa kuliko zote nchini. Mwenye mke mwingine wa ndoa ya Kikristo ataanguka kwenye kigezo cha uwezo. Asiyetaka ndoa ataanguka kwenye kigezo cha nia. Hofu zote mbili zimekwisha kujibiwa humo.

Na tusisahau dhana hii ya ndoa ilikotoka katika mahakama zetu. Kesi inayotajwa kila mara ni ya Yawe, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1976. Marehemu alikuwa Mganda aliyeishi Nairobi. Mwanamke aliyeishi naye na kuzaa naye watoto wanne alikuwa Mkenya. Watu wa upande wa Uganda wakasema hakuwahi kuoa. Mahakama ikasema kuishi pamoja kwa muda mrefu kama mke na mume kunaleta dhana kwamba wameoana, na anayekataa ndiye alete ushahidi wa kuipindua. Kumbe kanuni hii ilikomazwa na watu wa nchi mbili tofauti. Ikakubaliwa kwa urithi, baadaye kwa mali. Kwa uraia tu ndipo tunaposema haitoshi.

Mtu atauliza, kwa nini basi wasiende kuoana yaishe? Swali hilo huulizwa zaidi na watu wa mjini. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano, ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, na zote husajiliwa. Kwa msajili, mgeni anatakiwa alete karatasi kutoka kwao kuthibitisha hana ndoa nyingine, kisha notisi ya siku 21. Kwa mila, kuna posa na mahari, na mahari ndiyo kisiki. Ndugu yangu alitaja mahari mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili akazaliwa mtoto, wa tatu mvua ikakosa, wa tano akafiwa na baba. Hakuna siku hata moja aliyosema hataki kuoa. Njoo-tukae nyingi ninazozijua, huko kuishi kinyumba bila ndoa, ni ndoa zinazosubiri ng'ombe.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Saa ya miaka 7 inaanza kuhesabu siku ya ndoa. Wakioana mwaka huu, shemeji atakuwa amekaa Kenya miaka 21 ndipo aombe. Binti yake wa kwanza, ambaye ni Mkenya kwa kuzaliwa kwa sababu Ibara ya 14 inamtosheleza kwa mzazi mmoja, atakuwa ameshapata kitambulisho na kupiga kura kabla mama yake hajajaza fomu. Na ndugu yangu akifa kabla ya mahari, saa haitaanza kamwe. Nguvu yote imewekwa mkononi mwa mwanamume: akichelewa yeye, anayelipa ni mwanamke. Ndugu yangu ni mtu mwema. Sheria haipaswi kutegemea hilo.

Kuna njia ya pili, ya Ibara ya 15(2), ya mtu aliyeishi nchini kihalali miaka 7 mfululizo. Wanaoitaja kama jibu hawajaangalia neno "kihalali". Kibali cha mtegemezi cha mume au mke nacho kinataka cheti kilekile. Asiye nacho anakaa kwa pasi ya muda anayoigonga mpakani Holili, akivuka na kurudi. Halafu njia hiyo ni ya kuomba na kusubiri hisani, wakati ya ndoa ni haki.

Jirani zetu nao hawajamaliza. Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, wawili wakiishi pamoja miaka 2 na kujulikana kama mke na mume wanadhaniwa wameoana, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa. Tuko nyuma yao hapo. Lakini sheria yao ya uraia ya 1995 inamfungulia mlango wa ndoa mke mgeni tu, mume mgeni hana. Uingereza inawapa wenza wasiooana viza, lakini kwenye uraia mwenye ndoa na raia huomba baada ya miaka 3 na asiye na ndoa husubiri 5. Mfano ninaouona unatufaa ni wa Ureno. Huko aliyeishi kinyumba na raia zaidi ya miaka 3 anaweza kudai uraia, ila kwanza aende mahakama ya kiraia ithibitishe muungano wao. Afisa wa uhamiaji haachiwi barua ya chifu aipime kwa jicho. Anapokea hukumu yenye tarehe.

Hicho ndicho ningependa Bunge likiandike litakapoitii ile rai ya 2023: tamko la mahakama, kwa vigezo vya MNK, litakalosema muungano ulianza lini, na miaka 7 ihesabiwe kutoka hapo. Miaka ibaki 7, sharti la kuishi pamoja libaki, na atakayedanganya anyang'anywe kwa Ibara ya 17, ambayo tayari inaruhusu kufuta uraia uliopatikana kwa udanganyifu. Najua mahakama ni gharama na Voi, iliko Mahakama Kuu, si karibu na Taveta. Hata hivyo nauli ya kwenda Voi shemeji anaweza kuikusanya mwenyewe kwa ndizi zake. Ng'ombe si wake kuwatoa.

Wazee wa pande zote mbili sasa wanazungumzia Desemba. Aliponieleza hivyo alikuwa akirudisha karatasi kwenye bahasha moja moja, vijitabu vya kliniki chini, barua ya chifu juu. Akaniuliza, "Shem, wakiandika cheti, si wataandika ile tarehe niliyokuja?" Nikamwambia hapana, wataandika ya Desemba. Akafunga bahasha, lori likawa limefika, akaenda kupokea ndizi.