Mwatex: kumbukumbu za kota na kumbukumbu za shamba

Mtaje Mwatex mbele ya mzee aliyekulia Mwanza, kisha uvute kiti. Utasikia habari za king'ora, za shifti ya usiku, za doti ya kanga iliyopelekwa nyumbani kwa mama mkwe. Kiwanda hicho cha nguo kilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, na baadaye Musoma nayo ikapata chake, Mutex. Vilipozimika, maisha yaliyokuwa yamevizunguka yakatawanyika. Zimebaki hadithi, na siku hizi watu wanabishana kama hadithi hizo ni za kuaminika.

Wanaozitilia shaka wana hoja nzito. Wanasema wazee wanaipamba jana. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilikaukiwa fedha za kigeni, vipuri vikawa taabu, mashine zikawa zinasimama mara kwa mara. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 biashara ya nje ililegezwa, mitumba ikajaa sokoni, na nguo ya kiwandani ikakosa pa kushika. Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ulimkuta mgonjwa tayari yuko kitandani. Kwa hiyo, wanasema, kulilia Mwatex ni kulilia kitu kilichokuwa kinabebwa na serikali.

Kwa upande wa hesabu nakubaliana nao. Lakini nikiwasikiliza wazee vizuri, siwasikii wakisifu hesabu. Wanasifu kuijua kesho. Mshahara ulikuwa mdogo, ila tarehe yake ilijulikana, na mtu akaweza kupanga ada, mahari, bati la nyumba ya wazazi kijijini. Kijana anayesubiri getini asubuhi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, asijue kama leo ataitwa, anaelewa upesi babu yake anazungumzia nini. Huo ni ushahidi, na haufutwi na kitabu cha mahesabu.

Wasiwasi wangu uko kwingine, kwa mtu asiyesimulia. Pamba ya viwanda ilitoka Kwimba, Magu, Misungwi, Maswa, kwa watu waliopalilia juani na kuchuma kwa mkono. Miaka ya 1950 wakulima hao, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele, walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi wakaunda vyama vyao. Mwaka 1955 vikaungana kuwa VFCU, shirikisho la vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba lililokuja kuwa miongoni mwa makubwa kabisa Afrika na kumiliki vinu vyake vya kuchambulia pamba. Kisha mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika. Mkulima akabaki na mnunuzi mmoja na bei moja, na pamba yake ikipangwa daraja la fifi, yaani la chini, hakuwa na pengine pa kuipeleka. Wengi Usukumani waliipunguza wakahamia mpunga, na hilo nalo ni jibu, japo halina king'ora.

Hapo ndipo kumbukumbu ya kota, ya wafanyakazi wa kiwandani, inapopungukiwa. Utulivu wa mjini ulikuwa na mlipaji, na mlipaji huyo alikuwa shambani. Ukimwuliza mkulima wa miaka ile, hakumbuki doti ya kanga. Anakumbuka stakabadhi iliyokunjwa na pesa iliyochelewa. Sisemi mfanyakazi wa kiwandani alimwibia. Wengi walikuwa watoto wa nyumba moja, mmoja kaenda mjini, mwingine kabaki na jembe.

Wala kufa kwa viwanda hakukumkomboa mkulima. Tangu soko lifunguliwe mwaka 1994 wanunuzi wameongezeka, lakini bei inafuata upepo wa dunia, na sehemu kubwa ya pamba yetu inaondoka nchini ikiwa marobota. Kila uchaguzi tunaahidiwa viwanda vya nguo. Ningependa anayeahidi aulizwe kwanza mkulima atalipwa nini na lini, kabla hajatuonyesha ramani ya jengo.

Jina la pamba lenyewe halijafa. Mwaka 2024 Pamba, timu ya soka ya Mwanza, ilipopanda tena Ligi Kuu, hata wasiowahi kushika nyuzi walishangilia. Lakini timu haiwezi kutunza habari za mashine. Aliyeingia kiwandani mwaka 1970 akiwa na miaka 20 sasa ana zaidi ya 70. Kule Kisesa tuna makumbusho ya Bujora yanayotunza ngoma na mambo ya Wasukuma. Naomba pawepo chumba kimoja cha pamba: kitambulisho cha shifti upande huu, stakabadhi ya mkulima upande wa pili, na katikati mizani.